Desemba ya kuhesabiwa

Asubuhi ya tarehe 22 Desemba, mkazi wa Sinza au Tabata aliyetumwa mkate na mayai hujikuta amesimama mbele ya mlango wa chuma ulioteremshwa, kufuli mbili chini. Kwa Mangi kumefungwa. Anavuka barabara kwa Mangi wa pili, nako kimya. Kwa wa tatu yupo kijana asiyejua bei ya chochote. Inabidi apige simu kuuliza kiberiti ni shilingi ngapi, na anayepokea yuko ndani ya basi. Nyuma yake inasikika sauti ya kondakta akiwataka abiria wa Korogwe wajiandae.

Dar es Salaam jina hilo la Mangi hupewa karibu kila muuza duka la mtaani, hata kama kwao ni Singida. Mlimani Kilimanjaro lilikuwa cheo. Mangi alikuwa mtawala wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Cheo kikashuka mlima, kikaja kuuza sabuni na vocha. Kila Desemba wenye cheo hicho hupanda tena, wakifuatana na wahasibu, mafundi magari, wahadhiri na wauza vipuri, na jiji hubaki na nafasi barabarani ambayo madereva wa daladala huishangaa. Ukiuliza wamekwenda wapi, jibu huja bila mtu kufikiri: wamekwenda kuhesabiwa.

Utani huo umezeeka, na Wachagga wenyewe, watu wa mlima huo, huucheka kabla ya wengine. Lakini waliouanzisha waligusa kitu. Hadithi ya Krismasi, kama ilivyo katika Injili ya Luka, inaanza na agizo la kuhesabiwa: Yusufu anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, akiwa na mchumba mjamzito, na wakifika nyumba ya wageni imejaa. Hakuna aliyemletea zawadi Yusufu kwa kusafiri. Alikwenda kwa sababu jina lake lilikuwa la kule.

Sensa ya serikali yenyewe haikufanyika Desemba. Ya mwisho ilianza tarehe 23 Agosti 2022, na watu walihesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkoa wa Kilimanjaro ulipata watu 1,861,934 na Dar es Salaam 5,383,728. Laiti makarani wangepita mkesha wa Krismasi, tarakimu hizo zingesogea, na karani aliyepangiwa Rombo angehitaji daftari la ziada.

Msimu huu wa sikukuu maduka makubwa ya jijini huuza makapu yaliyofungwa kwa karatasi ya nailoni inayong'aa: biskuti za kopo, juisi, majani ya chai, chupa ya mvinyo ambayo haijulikani imetoka wapi. Redioni matangazo ya zawadi hayakatiki. Ni halali yao, biashara ni biashara. Ila maelfu ya watu walioko njiani kuelekea kaskazini wanapeleka kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote, na wengi wao wala hawajui kwamba hicho ndicho kinachosubiriwa. Wanadhani kinachosubiriwa ni mchele.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua mtu aliondokaje.

Kihamba ni shamba na ni nyumbani kwa wakati mmoja. Juu kabisa ni miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe anayefugwa zizini. Maji huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka kwenye mito ya msituni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hicho kwa kukiweka kijiji cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba kihamba hakiongezeki. Baba mwenye kihamba kimoja na watoto wa kiume wanne anawagawia mistari ya migomba. Wajukuu wakija, kinachobaki kugawiwa ni hadithi. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari karne ya 19 na ikawapa wakulima wa mlimani ushirika wao, KNCU, mwaka 1933, ilisomesha watoto, na watoto waliosoma wakaondoka. Bei ya kahawa ilipoyumba wakaondoka na ambao hawakusoma sana.

Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Wengine hutafuta kwao kwingine. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za mlimani leo wapo mama mzee, pengine na kitinda mimba mmoja na mke wake, na wengine wote wamo kwenye simu.

*

Safari ni ya kilomita zipatazo 560 kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, huwa katika wiki hiyo kama soko lililohamishiwa ndani ya kanisa: watu wamebeba mabegi kichwani, watoto wamelala juu ya maboksi, wapiga debe wanaita Moshi, Arusha, Rombo, na mlanguzi mmoja aliyevaa shati la heshima ananong'ona kwamba anayo siti ya dirishani. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali kwa magari ya ziada na kuonya juu ya nauli za kupandisha. Onyo husikika, na nauli hupanda vilevile. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na mtu anaweza kufunga duka saa mbili usiku akaamkia Same.

Reli nayo ipo. Ilifika Moshi tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1911, ikitokea Tanga. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilikufa, ikakaa kaburini zaidi ya miaka 20, ikafufuka Desemba 2019, mwezi uleule wa kuhesabiwa. Haina haraka. Wanaoipanda huisifu kwa jambo moja: mizigo haigombewi.

Na mizigo ipo. Kiswahili kimeshasema mkono mtupu haulambwi, na hakuna msemo unaowatesa Waswahili wa mjini mwezi wa Desemba kama huo. Mchele wa Kyela, kwa sababu mlimani kunaota ndizi wala si mpunga. Sukari. Mafuta ya kula. Kitenge cha mama, koti la baba, blanketi la bibi. Mwenye gari hulijaza mpaka mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba. Asiye na gari, wapo wanaokodi la kwendea. Jirani wa kule hawezi kujua kwamba tarehe 3 Januari litarudi kwa mwenyewe.

Mtu akipewa ruhusa ya kufungua sanduku la bibi wa mlimani ataona historia ya Desemba zote. Kuna kitenge ambacho lebo haijatolewa. Kuna chupa ya chai mpya kabisa juu ya chupa nyingine ya chai mpya kabisa. Kuna blanketi la mwaka juzi ndani ya mfuko wake wa zipu, kwa sababu lile la zamani bado zima na hili ni la mgeni. Bibi si mchoyo wala hana dharau. Anavitunza vitu hivyo kama mtu anavyotunza barua. Anakumbuka kila kimoja kililetwa na nani na mwaka gani, na kwake kazi ya kitenge ilikamilika siku kilipokabidhiwa, aliyekileta akiwa ameketi kwenye kigoda, viatu vina vumbi.

Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi za Krismasi walizopokea zina thamani gani machoni pao, akalinganisha na bei iliyolipwa. Hesabu yake ilionyesha kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya fedha hizo hupotea bure, kwa maana aliyepewa hakukithamini kitu kama aliyekinunua. Angemhoji bibi wa Mwika asingepata hasara ya namna hiyo, lakini asingepata pia kujua kitenge kile kinauzwa ngapi.

Balaa la msemo wa mkono mtupu ni hili: wapo ambao hawaendi. Kijana aliyefukuzwa kazi Septemba. Dada ambaye banda lake la mama lishe lilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mtu aliyeahidi Desemba iliyopita kwamba mwaka huu ataezeka upya jiko la mama, na mwaka umekwisha na bati hata moja hajanunua. Hao husema wana kazi nyingi. Husema bosi hajatoa ruhusa. Mwaka wa kwanza ni kweli, wa pili ni nusu kweli, na kufikia wa tano mtu anajikuta anaogopa kijiji chake mwenyewe.

Simu ikawapa pa kujificha. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na ndani ya muda mfupi ikawezekana kutuma Krismasi bila kusafiri. Hakuna ubaya wowote katika fedha ya dawa inayofika kwa dakika moja, imeokoa watu. Lakini tarehe 24 jioni mama mzee anaposomewa ujumbe na mjukuu, kiasi fulani kimeingia, salio ni kiasi fulani, kitu cha kwanza anachouliza si kiasi. Anauliza, "Kwa hiyo haji?"

*

Mila ya mlimani inalo jibu kwa mtu anayeogopa kurudi mikono mitupu, na jibu hilo linaota mpakani mwa shamba.

Isale ni mmea wa jamii ya dracaena, wa majani marefu ya kijani yanayoshuka kama mikanda. Hupandwa mstari kuzunguka kihamba kuonyesha mwisho wa ardhi ya mtu, na hupandwa makaburini. Kung'oa masale ya jirani ni kutangaza vita. Na jani lake lina kazi moja ambayo fedha haiifanyi: linaombea msamaha. Mtu aliyekosana na mzazi, ndugu au jirani hachukui mbuzi kwanza. Anachuma isale, anamkabidhi mzee anayeheshimiwa, na mzee analipeleka kwa aliyekosewa. Mila inamtaka aliyeletewa isale asikilize. Kulikataa ni jambo zito, na ukoo mzima utataka kujua sababu. Mbuzi na pombe vinaweza kuja baadaye, kwa ajili ya kula pamoja. Mlango unafunguliwa na jani ambalo kila nyumba inalo na hakuna anayeliuza.

Desemba ndiyo msimu wake, kwa sababu rahisi: ndipo wagomvi wote wanapokuwa kijijini kwa wakati mmoja. Ndugu wawili waliogombania mpaka tangu baba yao afariki, mmoja yuko Mwanza na mwingine Mbagala, hawana siku nyingine ya kukaa uso kwa uso isipokuwa kati ya tarehe 24 na Mwaka Mpya. Vikao vya ukoo huitishwa asubuhi ya tarehe 26 au 27, kabla watu hawajaanza kunywa. Huko husomwa michango, hutajwa wanaodaiwa ada za watoto wa marehemu, na katikati ya mambo hayo ya karatasi mzee mmoja hukohoa, husimama, na kusema kuna jambo limeletwa kwake. Kila mtu anaelewa. Wanaume hutazama viatu vyao.

Pwani wanalijua hili kwa jina jingine. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia, watu wa Unguja, Mombasa na Tanga huombana radhi, nyumba kwa nyumba, siku hizi hata kwa ujumbe wa simu unaotumwa kwa watu mia kwa mpigo. Ujumbe wa namna hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, unamwomba radhi kila mtu na haumwombi mtu yeyote. Isale halina njia ya mkato ya aina hiyo. Lazima mguu uinuke.

*

Upande wa wanaopokea, nako zawadi inaandaliwa kwa siku nyingi, na haionekani kirahisi na mtoto wa mjini anayeulizia mtandao unashika wapi.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haitengenezwi kwa siku moja. Ndizi huivishwa kwanza, kisha huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi, hupozwa, na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Wakati huohuo ulezi umelowekwa, umeoteshwa, umeanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unapikwa uji, na uji huo ndio unaochanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Anayetaka uchungu kidogo huweka gome la msesewa. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka mkesha wa Krismasi, utakuta mama aliloweka ulezi wakati wewe bado unabishana na fundi kuhusu breki za gari. Kata ya kwanza haanzi kunywa mgeni. Anaanza mwenye pombe kuonja, ili ijulikane ni salama, kisha wazee, kisha wengine kwa umri. Aliyeshuka kwenye gari la gharama kubwa anasubiri zamu yake kama aliyekuja kwa miguu.

Hata mbuzi anayechinjwa kimila hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe: kuna fungu la wazee, la shangazi, la mwenye nyumba, la wajomba. Anayegawa anapaswa kujua nani ni nani kwa nani, na kosa dogo huzaa manung'uniko ya mwaka mzima. Kijana aliyesomea uhandisi na hajui fungu la shangazi yake ni lipi hugundua siku hiyo kwamba kuna darasa hakulihudhuria.

Darasa jingine ni la lugha. Bibi anazungumza Kivunjo, au Kimachame, au Kirombo, na Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Kitukuu aliyezaliwa Kimara anazungumza Kiswahili cha shule na Kiingereza cha katuni. Kati yao anasimama mzazi, mkalimani asiyelipwa, ambaye naye maneno mengine yameshamtoka. Tazama wakikaa jikoni, mahali ambapo moshi unamfanya mtoto afumbe jicho moja. Bibi anataja kitu, mtoto anarudia, bibi anacheka mpaka anashika mbavu, mtoto naye anacheka bila kujua kakosea nini. Baada ya siku tatu ameshapata maneno kumi: maji, moto, ng'ombe, njoo, lala, na mengine ambayo mama yake angependa asingeyapata. Simu janja inaweza kufanya kazi ya maana hapa kuliko kupiga picha za mlima. Wapo wanaomwekea bibi simu mapajani, wakabonyeza kurekodi, wakamuuliza alivyoolewa. Anayefanya hivyo hutakiwa kuwa na subira. Jibu la swali hilo linaanza na mahari, linapitia njaa fulani, linasimama kwa kuku aliyeingia ndani, na linakwisha kesho yake.

Kisha kuna majina. Kwa familia nyingi za Kichagga mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa kike wa kwanza jina la bibi mzaa baba, na wanaofuata huelekea upande wa mama. Mtoto mchanga hupelekwa mlimani Desemba ili amwone aliyempa jina. Wakati mwingine kikongwe haoni vizuri tena. Mtoto huwekwa mikononi mwake, naye humpapasa kichwa, sikio, kidole kimoja kimoja, kama anayehakiki hesabu. Huambiwa, huyu ni wewe. Sijui zawadi gani ya dukani inaweza kuwekwa kando ya hiyo.

Waliokufa nao hawaachwi. Makaburi yako kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Siku moja kabla au baada ya Krismasi vijana hupewa majembe na ndoo ya chokaa. Magugu yanang'olewa, misalaba inapakwa upya, masale yaliyokauka yanabadilishwa. Kazi ya saa mbili. Wakati inafanyika baba mdogo au mjomba husimama na fimbo akionyesha: huyu alikuwa baba wa babu yako, huyu mke wake wa kwanza, hapa kuna mtoto aliyekufa na surua, kwa hiyo usikanyage.

*

Isidhaniwe kwamba yote ni matamu. Desemba ya mlimani ina wanawake ambao hawaioni. Mke wa kijana, hasa yule aliyeolewa karibuni, huamka saa kumi na moja kupika mtori wa watu thelathini na hulala wa mwisho. Likizo ya mumewe kwake ni zamu. Ndizi za mtori humenywa moja moja, na utomvu wake unang'ang'ania vidole na kuvigeuza vyeusi kwa wiki nzima. Wanaojua hupaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Mlimani bado ni kioja kidogo mwanaume kuonekana jikoni na beseni la ndizi. Lakini kizazi cha walioishi mabwenini na kujipikia mjini kimeanza kulileta jambo hili nyumbani. Kaka anakaa kwenye kigoda kando ya shemeji zake, anapaka mafuta, anamenya. Mama mkwe anapita, anatazama, anasema neno kwa Kichagga ambalo wote wanalicheka na hakuna anayekubali kulitafsiri. Ndizi zinakwisha kwa nusu ya muda, na mke wake anapata kwenda kanisani bila kukimbia.

Watafiti wawili, Cindy Chan na Cassie Mogilner, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya majaribio waliyofanya kuhusu zawadi. Waliopewa tukio, kwa mfano tamasha au mlo, walijikuta karibu zaidi na aliyewapa kuliko waliopewa kitu, hata pale ambapo mpaji mwenyewe hakuwepo wakati wa kulifurahia. Sababu waliyoitoa ni hisia: tukio linagusa moyo kwa nguvu kuliko kitu. Beseni la ndizi halikuwa katika majaribio yao. Mke aliyewahi kupata asubuhi moja ya kupumzika kwa sababu shemeji alikamata kisu anaweza kuwasaidia kuliongeza.

Tena ni lazima kusema wazi kwamba zawadi isiyo na bei ina gharama. Nauli ni fedha. Mabasi huanguka, na askari wa usalama barabarani huwa wengi kati ya Chalinze na Segera wiki hiyo kwa sababu wanajua. Duka lililofungwa siku 12 halilipi kodi ya pango. Anayemwambia fundi wa Buguruni kwamba uwepo wake unatosha, aje pia na jibu la nauli. Baadhi ya koo zimelipata: badala ya kila mtu kujibana peke yake kwa ajili ya kreti za bia, wanachanga kundini kuanzia Juni, na fungu la kwanza ni nauli ya wale ambao mwaka ulikuwa mbaya kwao. Hawatajwi majina. Mweka hazina hutuma fedha usiku, na asubuhi mtu anatangaza kwenye kundi kwamba bosi wake kampa ruhusa.

Tarehe 26 Desemba ni sikukuu ya taifa, na wengi kwa Kiswahili huiita siku ya kufungua zawadi. Katika vijiji vya Kirua, Uru au Masama hakuna mengi ya kufungua. Watoto wanapata ubatizo au kipaimara, mchumba anapitishwa nyumba tatu ili akaguliwe na shangazi, supu ya mbuzi inapozwa kwa kuhamishwa bakuli hadi bakuli. Jioni baridi ya mlima inashuka na watu wa Dar es Salaam, waliokuja na fulana, wanaanza kuuliza blanketi. Ndipo sanduku la bibi linapofunguliwa. Lile la mwaka juzi linatoka ndani ya mfuko wake wa zipu, likiwa na mikunjo ya kiwandani, na anafunikwa nalo yuleyule aliyelileta.

Kuondoka huanza tarehe 2 Januari. Aliyefika na kilo tano za mchele anaondoka na mkungu mzima wa ndizi, mfuko wa parachichi, magimbi, kahawa iliyokaangwa kwenye chungu, na kidumu cha mbege ambacho kondakta anakitazama kwa wasiwasi kwa kuwa kinaendelea kuchachuka na kifuniko chake kinahema. Bibi hasemi maneno mengi. Anamshika mtoto shavu, anamwamkia kwa maneno aliyomfundisha, anangoja mtoto aitikie vizuri, kisha anageuka kufukuza kuku.

Wiki hiyo hiyo, kule Tabata, mlango wa chuma unapandishwa kwa kelele. Mangi amerudi. Vocha zipo, sabuni zipo, mkate umeletwa. Juu ya friji ya soda kuna mkungu wa ndizi wenye majani makavu uliofungwa kamba, na mteja wa kwanza anauliza shilingi ngapi. Mangi anakata vichane viwili, anamfungia kwenye gazeti, na fedha anaisukuma kurudi upande wa pili wa kaunta.